Kikombe cha Chini ya Sinki

Kwa miaka minne mama alikula mkate wa binti yake mkubwa kila asubuhi, na kila asubuhi neno lake lilikuwa lile lile. Aliumega kwa vidole, akautafuna taratibu huku macho yake yenye ukungu yameelekea dirishani, kisha akasema, "Si wenyewe." Halafu akaumaliza wote. Mtu anayekukosoa huku sahani anarudisha tupu anaudhi kuliko anayekataa kula, na binti alikuwa ameudhika miaka minne mfululizo.

Mkate wenyewe haukuwa na makuu. Ulikuwa mkate wa nyumbani, wa kopo refu, uliowakuza yeye na mdogo wake. Siri haikuwa hamira wala moto, ilikuwa kikombe. Mama alikuwa na kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, na ndani yake alikuwa amekwaruza mistari miwili kwa ncha ya kisu: wa chini wa sukari, wa juu wa maji. Unga vikombe vinne, basi. Hakuwahi kupimia kwa kitu kingine, na hakuna mwingine aliyekigusa.

Macho yalipoanza kumsaliti ilibidi akikabidhi kwa mtu. Hakumpa mkubwa, aliyekuwa akimwogesha, akimfulia na kumshika mkono hadi chooni. Alimpa mdogo, aliyekuja mara moja kwa mwezi akinukia manukato. "Huyu ana mkono mwepesi," alisema mama. Mkubwa akalimeza hilo kama alivyomeza mengine.

Basi kikombe kikapotea. Mama alipokiulizia, mkubwa alimpigia simu mdogo wake, na mdogo akababaika kwanza, kisha akasema kweli, au kile alichodai ni kweli. "Nilikisahau jikoni kwenye moto, Dada. Kikaungua, mkono wake wa kushikia ukang'oka. Niliogopa Mama atanisema, nikakificha chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Angalia, utakiona."

Dada akainama kuangalia. Ndoo ilikuwepo, tambara lilikuwepo, na mende mmoja aliyekuwa hana haraka. Kikombe hakikuwepo.

Akarudi kwenye simu akamwita mdogo wake mwongo. Akamwita mwizi, kwamba amekibeba ili mkate mtamu uwe wa kwake peke yake, na wao huku wabaki na makombo. Maneno yale hayakuanza siku ile. Yalikuwa yameumuka ndani kwa miaka, yakisubiri joto tu. Mdogo alilia, akaapa. Hakukanyaga tena pale nyumbani. Dawa za mama akawa anazituma kwa watu.

Kilichobaki kumliwaza dada mtu kilikuwa mimea yake ya kibarazani. Majirani walimwita Dada Makopo, na hakujali. Alipanda kwenye kila kitu chenye tumbo: makopo ya rangi, ya maziwa, ya mafuta, hata birika lililotoboka. Kila chombo alikipiga msumari matundu matano chini, manne pembeni na moja katikati, halafu akakipaka rangi ya kijani ili vyote vifanane. Makopo ya kwanza, kama ishirini hivi, aliyakusanya nyumba nzima na kuyapaka kwa siku moja, bila kuchagua.

Katika hayo kulikuwa na mmea mmoja wa kutambaa, wenye maua ya zambarau, alioubatiza jina la Mpangaji. Uliingia kwa adabu, kijiti kidogo cha kuomba kwa jirani, na sasa ulikuwa hautoki. Ulipanda ukutani, ukaingia dirisha la bafuni, ukaukumbatia mfereji wa maji ya paa. Mizizi yake ilitoka chini ya kopo ikajipenyeza kwenye ufa wa sakafu. Dada aliukata, ukaota. Aliukata tena, ukaota kwa hasira. Moyoni aliupenda, maana nyumba ile haikuwa na kingine kilichomng'ang'ania yeye.

Wiki ya mvua kubwa Mpangaji aliziba mfereji kabisa. Maji yakarudi nyuma, yakashuka ukutani hadi jikoni, na asubuhi dada alikuta nusu gunia la unga limelowa na kushikana kama udongo. Akakaa chini akalitazama, akalia kidogo. Kisha akachukua panga akatoka nje.

Alikata shina. Akashika kopo kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akavuta. Mizizi ikakatika ghafla, naye akaanguka chali na kopo kifuani. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka upande mmoja. Chini yake palikuwa na weusi wa kuungua, na juu kabisa, penye mdomo, kipande cha ukingo wa buluu.

Alikitambua hapo hapo, ila mikono iliendelea kufanya kazi kana kwamba haijui. Ilikung'uta donge la udongo na mizizi, ikasugua ndani kwa kidole. Mistari miwili ilikuwepo. Upande wa chini kulikuwa na matundu matano, manne pembeni na moja katikati. Mdogo wake hakuwahi kutoboa kopo maishani mwake.

Dada alikaa pale kwenye matope muda mrefu. Alikumbuka siku ile ya rangi, kabla mama hajakiulizia kikombe, alivyopapasa chini ya sinki na kutoa kila kilichokuwa cheusi na kibovu. Aliona aibu, na katikati ya aibu akaona kitu kibaya zaidi: alikuwa na furaha. Sasa kipimo alikuwa nacho.

Akakisugua kwa mchanga na sabuni, akakichemsha mara mbili. Matundu akayaziba kwa vidonge vya kinyunya, unga uliokandwa kwa maji. Unga mkavu uliobaki katikati ya gunia ulitosha vikombe vinne kwa shida. Sukari hadi mstari wa chini, maji hadi mstari wa juu, na akaona wazi alichokuwa akikosea: miaka yote minne alikuwa akizidisha maji. Akakanda, akasubiri uumuke, akaoka.

Mama aliletewa kipande kikiwa bado cha moto. Akakimega, akatafuna, akaacha kutafuna. Binti alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayesubiri kusifiwa.

"Ndio wenyewe," alisema mama.

Binti alifumba macho.

"Kumbe amekuja," mama akaendelea, akitabasamu kuelekea dirishani. "Nilijua ipo siku atakirudisha. Mkono wake ule ule. Yuko wapi?"

"Mama, huu nimeoka mimi."

"Wewe usimfichie mwenzio. Anaogopa nitamsema. Mwambie nimemsamehe, aje ndani."

"Mama, nisikilize. Kikombe..."

"Mwambie nimemsamehe," alisema mama, na machozi yalikuwa yanamtoka, machozi ya furaha ambayo binti yake mkubwa hakuwahi kuyaona yakitoka kwa ajili yake. Akatoka nje na simu na kile kikombe.

Ililia mara tano. "Dada?" ilisema sauti ya mdogo wake, kwa woga. "Mama ana nini?"

"Mama mzima. Anasema amekusamehe. Anasema uje."

"Amenisamehe nini?"

Dada alitazama kibaraza, shina lililokatwa, udongo uliomwagika, na lile shimo la mizizi ya Mpangaji sakafuni.

"Kikombe kimepatikana," alisema.

"Kimepatikana wapi?"

Alikuwa nacho mkononi, vidole vyake vikipapasa matundu matano aliyoyapiga mwenyewe. Ukweli ulikuwa sentensi moja tu, na alikuwa nayo nzima kichwani.

"Chini ya sinki," alisema. "Nyuma ya ndoo."

Alisikia mdogo wake akivuta pumzi, kisha akilia polepole, kilio cha mtu aliyechoka kuliko mwenye furaha.

"Nilikwambia, Dada," alisema mdogo. "Miaka minne. Nilikwambia," na simu ikakatika.

Ndani mama alikuwa anagonga sahani kwa kijiko, anaomba kipande cha pili, na anauliza mdogo mtu anaingia lini.