Togwa Isiyo na Sukari

Mume wangu Basil alirudishwa nyumbani mara tatu bila kufanyiwa upasuaji wa macho, na mara zote tatu niligombana na mtu. Mara ya kwanza niligombana na daktari, ya pili na mashine ya kupimia. Mara ya tatu, Juni hii, nilimgeukia nesi Atusaye wa kliniki ya sukari mjini Sumbawanga, binti wa watu kutoka Mbeya asiye na kosa lolote.

"Shikamoo mama," alisema, akanionyesha kile kimashine. "Sukari ni kumi na saba. Daktari anataka ishuke chini ya kumi, la sivyo kidonda cha jicho hakitapona vizuri."

"Mume wangu hajagusa sukari tangu Kwaresma," nikasema. "Chai anakunywa kavu. Vidonge anameza mbele yangu. Ugali namkatia kipande kidogo, wa ulezi usiokobolewa, na mboga sahani nzima. Sasa hiyo kumi na saba inatoka wapi?"

Basil alikuwa ameelekeza uso dirishani penye mwanga. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mchana aliona ukungu, jioni hakuona kitu. Ilikuwa miezi tisa hajauona uso wangu.

Atusaye hakukasirika. Alivua bangili yake ya shanga, akanipa niishike.

"Mama, unga wowote ndani yake uko hivi. Chembe za sukari zimetungwa kwenye uzi, maelfu kwa maelfu. Ulimi hausikii utamu kwa sababu zimeshikana. Tumbo ndilo linalokata uzi. Wa ulezi wenye maganda linaukata polepole, shanga zinaingia kwenye damu chache chache. Kila seli ya mwili ina mlango, na insulini ndiyo inayoufungua ili shanga ziingie. Milango ya mzee imekuwa migumu. Shanga zikija nyingi kwa mpigo zinabaki njiani, zinajipenyeza mpaka kwenye lenzi ya jicho, na lenzi inaingia ukungu."

Akaniuliza tena anachokula Basil. Nikataja vyote, ila togwa sikuitaja. Sikuficha. Kwangu mimi togwa ya ulezi ilikuwa dawa, bibi yangu aliitumia kulelea wagonjwa, nami siitii sukari hata chembe. Kila alfajiri nilimchujia Basil kikombe kikubwa, hata siku za kliniki.

Kesho yake mchana nilianika uani kimea cha togwa, ulezi uliooteshwa. Huku kwetu Ufipa mwezi wa sita jua linawaka na upepo unakata palepale, na ukiketi ukutani pasipofika upepo, usingizi unakuja wenyewe. Harufu ya kimea ilikuwa tamu. Nikafumba macho.

Nikajikuta natembea kwenye mto mwekundu, wenye joto, unaonifika vifundoni. Sikuogopa. Kando zote mbili zilijipanga nyumba ndogondogo zisizo na mwisho, na kila mlango ulikuwa na bawabu anayehangaika na ufunguo, kwa sababu mafuta yalikuwa yameganda kwenye kitasa. Mbele yangu mwanamke alikuwa anakoroga chungu. Alitia humo rozari nzima nzima, mamia, na uji ukawa mzito hata mwiko ukasimama. Kisha akatupia konzi ya kimea. Punje zile zilikuwa na meno madogo, zikaanza kukata nyuzi bila kelele. Uji ukalegea, ukawa maji. Akainamisha chungu mtoni.

Shanga zote zikaja kwa pamoja. Zikanifika magotini, zikanifika kiunoni, zikagonga milango isiyofunguka, zikapita. Mbali kule niliona dirisha, na Basil ameketi nyuma yake. Shanga zikapanda juu ya kioo mpaka simwoni tena. Nikampigia yule mwanamke kelele aache. Akainua uso, anaimba. Alikuwa mimi.

Niliamka, nikatia punje ya kimea mdomoni. Tamu. Miaka thelathini natengeneza togwa, najua uji ukitiwa kimea unalegea na kukolea utamu, na nilijisifia kwa watu kwamba sitii sukari. Sikuwahi kujiuliza utamu ule unatoka wapi. Kimea kilikuwa kinakata uzi chunguni, kabla tumbo la Basil halijaanza kazi yake. Nililia, tena kwa hasira.

Nikamfuata Basil mlangoni alipokuwa anaota jua.

"Baba Agnesi, togwa yangu ndiyo inayokuziba macho."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nesi aliniuliza mwezi wa nne, wakati umekwenda dirisha la dawa. Akasema, mzee, nyumbani hamnywi togwa? Nikamwambia hatunywi."

Nilitamani kumrushia ungo. "Umemdanganya nesi kwa ajili ya togwa?"

"Siyo togwa." Alinitafuta mkono hewani mpaka akaupata. "Ukichuja togwa unaimba. Ukimaliza unaanza kugomba mpaka jioni. Mimi siku yangu nzima ni wimbo ule."

Ni kweli, nilianza kuimba alipoacha kuona, ili ajue niko upande gani wa ua, halafu nikazoea.

Alfajiri iliyofuata niliwasha moto bila chungu cha togwa. Nilichambua majani ya maboga, nikachemsha chai kavu, na nikaimba. Nilijiona mjinga kuimbia mboga. Basil alikuja akiifuata sauti, akaketi kwenye kigoda, akanywa.

Mwezi wa saba sukari ilikuwa kumi na moja, kisha nane. Nilipomsimulia Atusaye alicheka mpaka akafuta machozi, akaandika togwa kwenye orodha ya maswali yake kwa herufi kubwa.

Agosti wakamfanyia jicho la kulia. Walipofungua bandeji alinitazama muda mrefu. Nilidhani atasema nimezeeka, na jibu nilikuwa nalo tayari.

"Imba," akasema.

Wodini, mbele za watu, nikaimba kwa sauti ndogo.

"Kumbe ukiimba unafumba macho," akasema.

Nikayafumbua.