Maji ya Zamu ya Sleyum

Perege walianza kuhema juu ya maji kabla ya adhuhuri, midomo nje, na Nadhir alipowaona moyo ulimlipuka. Alikuwa akisomea ufugaji wa samaki chuo kikuu, Maskati, na samaki hawa ndio kazi yake ya mwaka. Mwalimu wake alishasema atakuja huku kwao, Ibra, Jumamosi kuwaona kwa macho yake. Wakiwa hai, kijana anavuka. Wakifa, anarudia mwaka mzima. Habari ndiyo hiyo, haina kona.

Baba yake, Marhun, ndiye aliyewaleta wangali wadogo, ndani ya mapipa nyuma ya pikapu, njia nzima anaendesha polepole kama aliyebeba bibi harusi. Akamwachia mwanawe birika la shambani, lile la kuwekea maji ya mitende. Majirani, waliojua kwamba ametokea Unguja, walicheka: Zinjibari huyu anafuga samaki nchi kavu! Marhun akacheka nao, lakini nyumbani alikuwa hana jengine la kusema ila perege wa Nadhir.

Sasa joto la Juni limeyachemsha maji ya birika, na samaki wanataka maji mapya. Maji mapya ni ya falaji, ule mtaro unaoyaleta kutoka mlimani, na kila shamba lina zamu yake. Zamu yao ni kesho. Saa hizi maji yalikuwa ya mzee Sleyum, jirani wa shamba la chini, nayo yanapita ubavuni mwa birika, baridi, kama yanamcheka Nadhir.

"Kamwombe Sleyum," alisema mama yake, Bi Fawziya, huku akichambua mchele kivulini. "Yule pale, kwenye majani yake ya ng'ombe."

"Maji ya kuomba, Mama? Unguja tukiingia ua wowote tukichota, nani alituuliza?"

"Unguja hiyo, mwanangu. Hapa nenda ukaombe." Akainuka na ungo wake, akaingia ndani kuteleka.

Nadhir hakwenda. Msidhani ni kiburi cha masomo. Ilikuwa haya, haya tupu. Alipokuja Oman ndevu zilishaanza kumtoka, na Kiarabu cha watu wa huku hakikumkaa mdomoni hata siku moja. Mwezi uliopita alisimama nje ya msikiti kumweleza Sleyum habari za samaki, maneno yakamvunjikia njiani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sleyum alicheka kuliko wote. Tangu siku ile Nadhir akimwona mzee yule huvuka njia.

Kidogo tu, alijiambia. Nani atajua? Akaliondoa jiwe lililozungushiwa gunia, lile lililoziba njia ya kuingilia birikani. Maji yakaingia kwa kishindo. Perege wakayakimbilia, wakatulia, wakazama chini wazima, na yeye akacheka peke yake kama mwendawazimu. Kidogo ikawa kingi. Alisahau kabisa kwamba mtaro una mtu mwishoni.

Alipogeuka, Sleyum alikuwa amesimama nyuma yake, jembe begani, miguu imejaa vumbi kavu. Hakupiga kelele. Alilitazama jiwe, akamtazama Nadhir, akaenda kumwita Abdullatif, wakili wa falaji, mwenye kusimamia zamu za watu.

Loo, watu walivyojaa! Marhun alirudi kutoka kazini, kanzu ya ofisini haijamtoka mwilini, akakuta umati shambani kwake.

"Shikamoo, Baba," alisema Nadhir.

Baba akampita, akamwendea wakili. Wakili alimweleza kwa ufupi: zamu ya Sleyum imekwisha, nusu ya majani yake hayajapata tone. "Maji yake yamo humu birikani," alisema. "Yarudi."

"Achukue zamu yetu ya kesho, yote," Nadhir alimwambia baba yake kwa Kiswahili. "Baba, nakuomba. Haya yabaki mpaka Jumamosi tu."

Marhun akatafsiri, maana lilikuwa neno la haki. Sleyum akakuna ndevu. "Kesho si mbaya," alisema. "Yatanitosha."

"Hapana," alisema Marhun.

"Baba!"

"Tangu tuje tunaitwa wageni, nikanyamaza. Leo tuitwe wezi? Kila mtu hapa ameshaona." Macho yalikuwa yamemwiva. "Fungua, Nadhir. Kwa mkono wako."

Nadhir aliingia birikani na nguo zake. Perege wakamjia miguuni, walizoea kulishwa naye, na hilo lilimuuma kuliko yote. Akapapasa chini, akang'oa kizibo cha matambara kwenye tundu la kutolea maji.

Maji yakashuka kwenye majani ya Sleyum, na samaki pamoja nayo. Walitapakaa majanini, wanarukaruka, wanameremeta juani. Bi Fawziya alitoka mbio na ndoo. Cha kushangaza, Sleyum naye alikifungua kilemba chake, akainama na uzee wake, akawa anawazoa samaki humo na kuwatia ndooni. Nadhir alikuja kuwazoa kwa mikono. Lakini ndoo ni ndoo, na jua lile! Mmoja mmoja wakageuza matumbo juu.

Sleyum akajiinua, akashika kiuno. Alisema polepole, neno moja moja, ili kijana amwelewe.

"Nilikuwa pale pale. Ungeniomba ningekupa zamu yote. Hapa tunaazimana maji kila siku, ni kuomba tu."

Nadhir alifuta uso kwa mkono wenye magamba. Kisha akaomba radhi kwa Kiarabu, maneno yanamvunjikia vile vile, mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo alipoanza kulia.