Nyapara Aliyezama Ghalani

Asubuhi ya kupakia mahindi katika shamba la Bwana Haraka, huko Endebess, Wabwile alipanguza mikono kwa suruali, akainama pamoja na vibarua wake. Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita. Bwana Haraka, mzungu aliyebandikwa jina hilo kwa sababu neno lenyewe halikumwisha kinywani, alikuwa amemfanya nyapara wiki hiyo, akampa kiboko na kiti cha kukalia kivulini. Kiti alikipeleka nyumbani, mkewe Nekoye akawa anakikalia akichambua mboga. Kiboko alikitumia kufungia boma la ndama. Kwao Mabanga, mkubwa wa kazi ndiye aliyetangulia kushika jembe, tena ndiye aliyenawa wa mwisho chakula kikija. Wabwile hakujua ukubwa wa namna nyingine.

Mzee Kiptanui, mmoja wa vibarua, alikuwa amelemewa na mzigo. Wabwile akaweka kiganja chini ya gunia la mzee, na uzito ukatoka. Gunia lilibaki limejaa vilevile, limeshonwa vilevile, ila mzee aliondoka nalo akitembea wima mpaka kwenye gari la ng'ombe. Uzito ulimshukia Wabwile mkononi, ukapita kiunoni, ukaishia miguuni. Nyayo zake zikazama kwenye sakafu ya udongo ya ghala mpaka vifundoni.

"Nyapara, umezama," Kiptanui alisema aliporudi.

"Nimeona. Mwite anayefuata."

Jioni walimchimbua kwa jembe, akaenda zake. Siku za kupakia zikawa hivyo. Vibarua walipita mlangoni mwa ghala, akawagusa, wakaenda. Jioni wakachimba kidogo zaidi ya jana. Uzito wenyewe haukumtoka usiku. Kitanda kilivunjika, akahamia chini, na kulipokucha alikuwa amezama nusu kwenye sakafu ya nyumba yake.

Wabwile aliogopa. Aliogopa mpaka ugali ukamshinda kumeza. Udongo wa chini ulikuwa baridi, tena ulikuwa na tabia ya kuvuta.

"Si uache tu, Baba Mukhisa?" Nekoye alimwambia. "Simama kando upige kelele, kama manyapara wengine."

"Na mzee Kiptanui?"

"Mzee Kiptanui si mume wangu."

Neno hilo lilimwingia. Kesho yake alisimama kando, mikono nyuma, na kusema kweli alisikia raha kuwa juu ya ardhi. Haikuchukua muda, kibarua mmoja aitwaye Kimaiyo akaanguka na gunia mgongoni, akabaki pale akihema, uso mavumbini. Wabwile alirudi mlangoni, akanyoosha mkono. Siku hiyo alizama mpaka kiunoni, na jioni majembe hayakuweza kumtoa.

Kesho yake adhuhuri Bwana Haraka alikuja kuangalia. Alimzunguka, akagonga udongo kwa fimbo, akatazama saa yake. Kazi ya siku nzima ilikuwa imekwisha kabla ya saa sita. Basi akafukuza nusu ya vibarua, na waliobaki akaamuru wabebe magunia mawili mawili.

"Kazi iko rahisi sasa," alisema. Aliamuru pia nyapara azungushiwe mawe, gari la ng'ombe lisije likamkanyaga.

Hapo ndipo Wabwile alipojua hofu. Hakuna mtu wa kubeba magunia mawili ya mahindi akapona. Akiondoa mkono, Kiptanui angevunjika mgongo mbele ya macho yake; akiuacha palepale, yeye mwenyewe angefunikwa mzimamzima. Aliuacha. Kifua kikaingia. Mikono nayo ikaingia, kwa hiyo vibarua wakawa wanamgusa kichwani wakipita. "Samahani, nyapara," kila mmoja alisema, maana walikuwa watu wa adabu. Nekoye alimlisha kwa vidole na kumpanguza vumbi machoni.

"Naogopa, Mama Mukhisa."

"Najua. Tafuna."

Asubuhi ambayo udongo ulifika kidevuni, Bwana Haraka alikuja na lori. Alikitazama kile kichwa, kisha akawageukia watu.

"Nyapara hii iko karibu kwisha. Iko na ndugu?"

Nekoye aliwahi kujibu. "Hana, Bwana. Alizaliwa peke yake."

Wabwile alifumba macho akashukuru. Lakini mzee Kiptanui alimpenda nyapara wake kuliko mtu yeyote shambani, na hakuvumilia kusikia ukoo mwema namna hiyo ukisemwa ati umeishia hapo. Alivua kofia, akasogea mbele.

"Yuko Festus, Bwana. Mdogo wake. Alikuja hapa Krismasi. Anakaa Bungoma, karibu na stesheni. Huyo ana roho nzuri kushinda hata huyu."

Wabwile alifungua mdomo apige kelele, udongo ukaingia.

Bwana Haraka alifurahi, akampa mzee sigara. Lori likawashwa, likashika njia ya Bungoma. Vibarua walijitwika magunia yao mawili mawili, wakapanga mstari. Wa kwanza akapinda magoti, akashika utosi wa nyapara, akaomba samahani.