Saa Mbili Bila Feni

Miaka miwili fundi wa redio alikaa na kinyongo kwa sababu ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza amplifaya za bei ya kukata pumzi, zinazong'aa kama meno ya bandia. Moja, aliyoifunga fundi, iliungua harusini katikati ya nyimbo, naye muuzaji akatangaza mtaa mzima: "Kaichoma shemeji yangu. Ana mkono mzito." Tangu hapo hakuna aliyempelekea fundi hata tochi.

Sasa mama mwenye ukumbi wa sherehe alitaka amplifaya, ila kwanza ijaribiwe mbele za watu: kwa saa mbili mfululizo, sauti ya mwisho. Akamwita fundi asimamie.

"Nataka mtu asiyempenda muuzaji."

"Umempata, mama. Tena nimeiva."

Asubuhi fundi alifika na ndoo ya maji na koili sita za hita, akazitumbukiza ndooni na kuziunganisha badala ya spika, mashine itoke jasho bila kutoboa watu masikio. Shemeji akaja na gari lenye mashine tatu, akashusha moja, wapambe wanne na feni. Akafungua kifuniko, feni akaielekeza ndani.

"Feni ya nini, shemeji?"

"Joto la leo, shemeji yangu."

"Lako au la mashine?"

Watu wakaangua kicheko.

Fundi aliujua mchezo. Dukani shemeji alijaribu mashine zote hivyo hivyo, tumbo wazi, zikipepewa kama bibi harusi, kisha anafunga na kuuza. Fundi alipomwonya, aliambiwa arudi kwenye masufuria yake.

Akachukua feni, akampa mwenye ukumbi. "Jipepee, mama." Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu nne taratibu, macho kwa shemeji, kila moja ikimkolea utamu.

"Shemeji, tusiaibishane," muuzaji akanong'ona. "Sisi ndugu."

"Ndugu kabisa. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Dakika ya ishirini maji yakawa vuguvugu. Ya arobaini, shemeji alikuwa amelowa kuliko koili. Ya hamsini na tatu, paa! Moshi ukafuka, harufu ya plastiki ikajaa ukumbini, taa ya mbele ikazimika. Fundi akachovya kidole ndooni.

"Kidogo tu ningeoga."

Mwenye ukumbi akauliza, "Na ile ya harusini, aliichoma nani?"

Shemeji akashikwa na kikohozi.

"Garini umebakiza mbili," fundi akamwambia kwa upole. "Tuzilete? Skrubu ninazo."

"Si yeye," muuzaji akaguna. "Iliungua yenyewe."

"Kwa sauti, shemeji. Mashine imeshakata roho, tumia koo lako."

"Hakuichoma yeye!"

"Wa mlangoni hawajasikia."

Akapaza tena, mishipa imemtoka shingoni. Fundi, aliyekuwa amesikia tangu mara ya kwanza, akaweka mkono sikioni.

"Eti?"