Mahindi ya Mama Mkwe

Fomu ya ghala la mbegu ilikuwa na visanduku viwili: "zao la hapa" na "zao la kuja". La hapa huingia kwenye jokofu kubwa. La kuja, lililotoka ng'ambo, hubaki rafuni na joto lake na wadudu wake.

Mimi ndiye mtunza ghala. Mama mkwe alikaa mbele yangu, kibuyu mapajani. Ndani mlikuwa na mahindi mekundu ya bibi yake, mbegu za katikati ya gunzi tu, kamwe si za kichwani wala za mkiani. Hakuwa na mengine. Wiki iliyopita nililaza punje kumi kwenye kitambaa chenye maji, zilichipua nne tu. Rafuni zisingefika msimu ujao.

"Andika la hapa, baba."

"Mama, nimesoma kwamba mahindi yaliletwa na meli. Kabla ya hapo watu walilima mtama na ulezi."

"Umesoma wapi?"

"Vitabuni."

"Na hivyo vitabu vimewahi kushika jembe?" Alitazama pembeni. "Mwaka wa njaa bibi alilala amekumbatia kibuyu hiki, watoto wanalia, asiwape hata punje. Mmoja alikufa. Kumbe alikuwa anamlinda mgeni?"

Niliinuka. Nikafungua jokofu nione mazao mengine yaliandikwaje kwenye makopo yake. Maharage: la hapa. Nikapekua kitabu changu, yalivuka bahari. Karanga: la hapa. Nazo zilivuka. Maboga vilevile. Na mwandiko ulikuwa wangu mimi, wa miaka ile kabla sijaanza kusoma. Kama mahindi yake hayaingii, basi nusu ya makopo haya yatoke. Nilishika kopo la maharage, nikalirudisha, nikalishika tena.

"Unatafuta nini humo? Baridi yote inaisha."

"Natafuta nani mgeni, mama."

"Ukimpata niite. Mimi niliolewa huku nina miaka kumi na saba, na mawifi bado hawajakata shauri."

Kengele ya jokofu ikaanza kulia. Mlango ulikuwa umekaa wazi mno. Nikamimina punje zake kwenye kopo, nikalisukuma katikati ya maharage na karanga, nikafunga.

Fomu ilibaki mezani, visanduku vyote viwili vitupu.

"Umeandika nini?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi usiandike kwa wino."

Nikaanza kutafuta penseli.