Nyayo za Mbaabu

Msiniambie habari za madaktari wa kambi. Yule wa kambi ya Wazungu ya njia ya Embu alimtazama mfungwa mmoja aliyeshukiwa uasi, Mbaabu, macho na ulimi, akasema ni mzima, arudishwe akahojiwe tena. Mzima! Mtu aliyepigwa fimbo nyayoni mpaka ngozi ikapasuka! Usiku wa kuamkia mahojiano akatoroka, akapita msituni, mara anachechemea, mara anatambaa, hadi huku kwetu Mjini, mtaa wa Waislamu wa Meru. Akaanguka mlangoni pa bucha ya mume wangu, Kasim.

"Mama, nifiche," akaniambia. "Nikirudishwa kule, sitoki tena."

Kasim akabaki kunikodolea macho, maana mtaa mzima mimi ndiye niliyekuwa nikitibu majeraha.

"Unaniangalia nini? Mshike miguu! La, la, mabega, miguu iache!"

Nikamkagua kuanzia kichwani. Sikio moja lilikuwa likitoa usaha, na mbavu zake hazikutaka hata kuguswa. Nilipofika nyayoni akauma nguo ya Kasim asipige kelele. Nikaziosha kwa maji ya chumvi, nikapaka asali, nikazifunga bendeji. Nililia, sitaficha. Kisha tukamvika kanzu na kofia, tukamwita Abdulatif, mpwa wa Kasim kutoka Isiolo, aliyeunguzwa miguu na supu ya buchani. Majirani wakaleta uji na hakuna aliyeuliza zaidi.

Alasiri moja akaingia Njura, homugadi, yaani mgambo wa kijiji wa Wazungu, na bunduki yake begani. Zamani alikuwa mteja wetu wa matumbo, mtu wa salamu nyingi. Tangu apewe ile bunduki hakubisha hodi tena kwa mtu.

"Mama Mwanatatu, nasikia una mgeni."

"Mgeni wapi? Huyo ni mtoto wa nyumbani."

"Kama ni Mwislamu, basi aswali nimwone."

"Ebo! Ataswali amekaa, maana ni mgonjwa. Au unataka kunifundisha dini yangu?"

Mbaabu akaelekea kibla, akaswali pale pale mkekani, kama tulivyomfundisha. Hakukosea hata neno. Njura akanywa kahawa yangu, akasifu tangawizi, akamtakia mgonjwa afueni. Moyo wangu ukaanza kushuka mahali pake. Akainuka, akashika mlango.

Hakugeuka. Hakupaza sauti pia.

"Chuchumaa," akasema.

Nyuma yangu nikasikia mkeka ukikwaruza. Mbaabu alikuwa ameinuka, amezikanyaga zile nyayo, amechuchumaa sakafuni na mikono yote miwili kichwani, kama wafungwa walivyozoeshwa kambini. Kofia ilikuwa imemwanguka. Macho yake yalikuwa yakinitazama mimi, yamejaa hofu.

Njura akacheka kidogo. "Abdulatif wa Isiolo," akasema, akaita wenzake waliokuwa nje.

Nikamrukia Mbaabu, nikaikamata mikono yake niishushe. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Lahaula, haikushuka! Damu ilikuwa imeanza kupenya kwenye bendeji, na viatu vya wale wenzake Njura vilikuwa tayari mlangoni.

"Mama, si mimi," akaniambia, machozi yakimtiririka. "Naikataza mikono hii, haisikii."