Mwigaji Mwenye Kofia ya Kijani

Makandi alikuwa amelikagua gemu la kompyuta alilokuwa akilitengeneza asubuhi nzima mpaka macho yakamwasha, na bado moyo haukutulia. Hata alipokwenda stendi kumpokea baba yake aliyetoka Kianjai, akili ilibaki kwenye kompyuta. Mzee Mwongera alikuja na viatu vyake vya kanisani. Alipanda polepole ngazi za nyuma ya duka la dawa za mifugo pale Makutano, alikopanga bintiye, na safari yake ilikuwa na jambo moja tu: amwone huyo mtu wa kwenye kompyuta ambaye watu walimwambia ni yeye.

Na kweli alikuwa yeye. Shujaa wa gemu aliitwa Mchumaji. Alikwea miti ya miraa peku, tawi hadi tawi, akilijaribu kila moja kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kuliachia uzito wake. Hivyo ndivyo Mwongera alivyokwea enzi zake, na wenzake wote walimvulia kofia. Lakini tangu Kithinji aanguke, mzee hakukwea tena hata stuli.

Kithinji alikuwa mdogo wake Makandi, kijana aliyekwisha kuota ndevu. Alimwiga baba kwa kila kitu: mwendo, kikohozi, hata namna ya kukunja suruali. Wachumaji wa kwao wana kanuni, tawi moja mtu mmoja, na anayefuata husubiri wa mbele ahame kabisa. Siku hiyo Kithinji hakusubiri. Alikanyaga palepale alipotoka kukanyaga baba yake, tawi likakatika, basi. Baada ya mazishi jina lake halikutajwa tena nyumbani. Hakuna aliyekataza, kila mtu alilizunguka tu, kama mtu anavyozunguka kisima kisicho na mfuniko.

Sasa tazama akili ya binadamu inavyomchezea mwenyewe. Makandi alipotafuta maadui wa gemu, alibuni waigaji. Wanamfuata Mchumaji nyuma, akiruka wanaruka, akishuka wanashuka, wamechelewa pumzi moja tu. Ukisimama, mwigaji anakufikia na kukugusa, umeshindwa. Ili wasichanganywe na shujaa akawapunguza kimo na kuwavika kofia ya kijani, na kwa muda mrefu alijisifu kwa ubunifu huo. Mpaka siku moja, akinywa chai, alipomwona mmoja wao akikanyaga tawi lililokwisha kulegezwa na uzito wa Mchumaji. Tawi likavunjika, kofia ikatangulia chini. Kithinji alikuwa na kofia ya rangi hiyohiyo, hakuivua mpaka mama yao akachoka kugomba. Kikombe kilimponyoka Makandi mkononi.

Aliwaondoa waigaji wote siku hiyohiyo. Muriithi, mwenzake wa kazi aliyekaa Embu, akapiga simu akiwaka.

"Makandi, hizo vitu ndio zinabeba gemu! Jumatatu tunaonyesha watu, na wewe unazitoa tu hivo?"

"Niko na sababu zangu."

"Sababu gani?"

Aliyelelewa katika nyumba ya kunyamaza hujifunza kunyamaza hata pale neno moja lingemwokoa. Muriithi akasema Wameru hasira wanainywa kama uji, akakata simu.

"Karibu kiti, Baba," Makandi alisema walipoingia chumbani.

"Asante, Mama." Alimwita hivyo tangu utotoni, maana Makandi lilikuwa jina la mama mzazi wa mzee huyo. Akaisogelea skrini. "Hii kitu inaendeshwa aje?"

Makandi akamwonyesha vitufe vya mishale. Mzee akavibonyeza kama mtu anayepima parachichi kama limeiva. Mchumaji akatembea, akashika shina, akakwea. Mzee akacheka kicheko ambacho Makandi alikuwa amekisahau.

"Ona! Anajaribu na kidole! Nani alikufunza hiyo?"

"Si nilikuwa nakuangalia."

Ndipo kofia ya kijani ikachomoza chini ya mti.

Makandi akaelewa papo hapo. Muriithi! Kazi yao waliihifadhi mahali pamoja mtandaoni, na alichobadilisha mmoja kule Embu kilifika chumbani humu chenyewe. Yeye alipokuwa stendi, Muriithi alikuwa amewarudisha waigaji, na wa kumlaumu hakuwa Muriithi, aliyenyimwa sababu.

"Baba, ngoja, imeharibika. Wacha nizime." Mkono wake ulikwisha kufika kwenye swichi.

"Wacha," mzee alisema, taratibu tu.

Alikuwa ameona. Yule mdogo alishika shina palepale, akajaribu tawi kwa kidole gumba, akapanda. Makandi akaanza kuogopa kwa namna nyingine kabisa. Baba yake ana presha. Huko juu matawi ni membamba, aliyapanga yeye mwenyewe: yanambeba wa kwanza na kumvunjikia wa pili. Mzee akiendelea kupanda, atamwona mwanawe akianguka tena, na safari hii atakuwa ameangushwa na dada yake.

"Baba, usiende juu. Huko juu hakubebi wawili."

"Najua."

Nani angejua kumshinda? Makandi akaona aibu kwa kusema.

Mzee akamgeuza Mchumaji. Hakurudi kwa njia aliyopandia. Alitafuta matawi manene yaliyoshikamana na shina, moja baada ya jingine, akishuka. Nyuma yake kofia ya kijani ikashuka vilevile. Mara moja alikawia kuchagua, na mwigaji akamkaribia hata Makandi akafumba macho. Alipoyafumbua, wote wawili walikuwa wazima bado, na baba yake alikuwa akinong'ona kwa Kimeru, sauti ile ya kumwelekeza mtu aliye mtini: mguu hapa, sasa hapa, usiangalie chini, shika shina. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ukosi.

Mchumaji akakanyaga udongo, akasogea mbele kidogo. Mwigaji akaruka kutoka tawi la mwisho, akatua, akasimama kwa miguu yake miwili. Katika kulijaribu gemu lote, Makandi hakuwahi kumwona mwigaji akifika chini mzima. Hakuna mchezaji aliyewahi kuwaza kumshusha.

Mzee akaondoa mikono kwenye vitufe, akaiweka magotini.

"Baba, tembea! Atakushika!"

"Kithinji," mzee akaita. "Kuja."

Kwenye skrini yule mdogo akapiga hatua zilezile za baba yake, akamfikia, akamgusa. Skrini yote ikawa nyekundu, na maandishi makubwa yakatokea: UMESHINDWA.

Mzee Mwongera aliyatazama, machozi yakimshuka, wala hakuyapangusa.

"Hiyo maandishi ndio utoe, Mama," akasema. "Yeye mwache."